Mkoba wa Manyoya Juu ya Gauni la Sikukuu

Juzi tulikuwa kwenye harusi ya mjukuu wa dada yangu, hapa Arua, uwanja umejaa mahema na muziki umepandishwa hadi humsikii jirani yako akikuomba umsogezee pilau. Akaingia kijana mmoja mrefu, jinzi imechanika magotini, fulana nyeupe, na kiunoni, mbele kabisa, amening'iniza mkoba wa manyoya meupe ya farasi wenye vishada viwili vyeusi. Wenzake wakampigia miluzi. Nilimwita nikamwuliza kaupata wapi. "Kwenye mitumba, bibi," akasema. "Haya ni mapambo ya Waskoti, wao huvaa na sketi zao. Lakini siku hizi unachanganya tu, jinzi, suti, chochote. Ndiyo mitindo." Nikamwambia umempendeza, maana kweli ulimpendeza. Kisha manyunyu yakaanza, akapita karibu yangu akikimbilia hemani, na harufu ya manyoya yale mabichi ikaniingia puani. Niliweka sahani chini nikatoka nje. Watu walidhani bibi kazidiwa na joto, nikawaacha wadhani.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kijana yule anaamini kuchanganya ni jambo la leo. Sisi tuliokulia hapa miaka ile ya sabini tuliuona mkoba huo juu ya kanzu na juu ya kitenge, na mimi mwenyewe niliuvaa juu ya gauni la sikukuu, gauni la waridi lenye lesi shingoni, nikiwa na umri wa kupoteza meno ya mbele.

Baba yangu, Koplo Marjani, alikuwa mpiga zumari katika bendi ya jeshi. Wenye umri wangu mnaikumbuka bendi ile: wanaume wa kwetu huku Nile Magharibi waliovishwa sketi za mirabamiraba, wakakumbatia mifuko ya ngozi na kuipuliza kwa mtindo wa Waskoti, kwa sababu mkubwa wa nchi alipenda hivyo. Sketi zenyewe zilikaa stoo ya kambi huko Kampala, zikitolewa siku ya gwaride na kurudishwa siku hiyohiyo. Lakini vikorokoro vyake kila mwanajeshi alivitunza mwenyewe: mkoba wa manyoya wa kufunga kiunoni, pini kubwa kama ya kubania nepi, soksi ndefu na vitambaa vyekundu vya kuning'inia chini ya goti. Baba akija likizo alikuja navyo vyote, maana manyoya yalihitaji kufuliwa, na kambi nzima ilijua hakuna aliyeyafua kama Mama.

Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Maji yawe ya mvua. Sabuni ipakwe kwa kiganja, isisuguliwe. Kisha suuzo la mwisho litiwe bluu kidogo, ili weupe ung'ae. Mama aliyachana manyoya yakiwa bado yanachuruzika, kwa sega langu mimi, sega la mti alilonichania nywele kila Ijumaa, halafu akayaviringa ndani ya kitambaa ili yakaukie yakiwa yamenyooka, akaning'iniza mkoba kivulini, chini ya upenu, kwa sababu jua huyageuza manjano. Harufu yake ilikuwa ya mbuzi aliyenyeshewa akaingizwa ndani ya blanketi. Nilikuwa nikiona wivu. Mkoba ulikuwa na nywele ndefu laini, tena haukupigwa kofi ukilia.

Wa pili kufuliwa ulikuwa wa Adriko. Huyu alikuwa rafiki wa Baba katika bendi, Mlugbara wa Logiri, Mkristo, mtu mwembamba mwenye mashavu makubwa kuliko uso wake kwa ajili ya kupuliza. Mkewe, Poni, alikuwa binti wa Koboko na ndiko walikokuwa na nyumba yao. Yeye na Baba wakija likizo walishuka pamoja kwetu Arua, Adriko akalala kwetu, Mama akamfulia mkoba wake, kesho yake ndipo akapanda gari la Koboko. Nilimwita Baba Adriko. Alinifundisha kutembea gwaride uani, mikono ikipanda hadi mabegani, huku akiimba wimbo wa zumari kwa pua. Kishada chake kimoja kiliwahi kukatika, Mama akakishona kwa uzi mnene wa fundi viatu, na Adriko akasema sasa hata akipotea watamtambua kwa mkono wa shemeji yake. Walicheka wote.

Baba naye alikuwa mtu wa madoido. Sikukuu ikifika alivaa kanzu yake, kofia yake ya kushonwa kwa mkono, kisha akafunga mkoba wa manyoya juu ya kanzu, akatoka hivyo kwenda kuswali. Wazee wa msikitini walinung'unika. Mmoja alimwambia mbele yangu, "Marjani, hii iko nguo ya kafiri," na Baba akamjibu, "Farasi hapana iko na dini, mzee wangu." Mama aliichukua ile pini kubwa na kubania kitenge chake begani. Tulikuwa tukienda Koboko kila sikukuu kumwamkia Haboba, bibi yangu mzaa baba, na askari wa vizuizi njiani walimjua Baba kwa vituko vyake. Wakiiona kanzu na manyoya wanaanza kucheka kabla lori halijasimama. Mnisamehe nikisema nilijivuna. Baba wa wenzangu walivaa kanzu tupu.

Siku hizo watu wazima hawakusema fulani amekamatwa wala fulani amekufa. Walisema amesafiri. Mwalimu wetu wa hesabu alisafiri. Mwenye duka la baiskeli alisafiri, na mkewe akaanza kuuza vyombo vya nyumbani barazani, hata kitanda. Yule kinyozi wa karibu na njia ya Ediofe alisafiri akimwacha mteja na povu kidevuni. Mimi nilidhani wanaume wa Arua wana bahati ya kutembea, na nikamwuliza Mama kwa nini hakuna hata mmoja anayerudi na zawadi. Aliniziba mdomo kwa mkono wenye unga. Niliona ni ukali usio na sababu, na nikanuna mchana kutwa.

Basi mwaka mmoja Baba akaja na sikukuu imekaribia, na akaja peke yake. Nilitazama nyuma yake nikitafuta mashavu ya Adriko.

"Baba Adriko iko wapi?" nikauliza.

"Amesafiri," Baba akasema.

Mama alikuwa akimmiminia maji ya kunawa. Maji yakaendelea kumwagika juu ya mikono ya Baba, yakajaa beseni, yakamwagika chini, na wote wawili wakawa wanayatazama tu.

Baadaye Mama alifungua begi ili atoe mkoba wa kufua. Ndani ya sweta la jeshi kulikuwa na mikoba miwili. Mmoja aliuweka kando. Wa pili aliupindua, akapapasa vishada kwa kidole mpaka akafika kwenye uzi wa fundi viatu, kisha akakaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, kama mtu aliyerudi shamba. Sikuelewa kwa nini akae chini wakati viti vipo. Nilikuwa na jambo langu kubwa zaidi la kufikiri. Mtoto wa mwanajeshi hujua tepe kabla hajajua herufi, na nilijua cheo kikipanda alama huongezeka. Baba alikuwa koplo na mkoba mmoja. Sasa ana mikoba miwili. Basi Baba amekuwa sajini, na anaficha ili atushangaze sikukuu! Moyo wangu ulijaa hadi nikashindwa kula.

Mama aliifua yote miwili, kwa kipande cha sabuni kilichokuwa kimebaki, na sabuni wakati huo ilikuwa kitu cha kuota tu. Ule wa Adriko aliuchana muda mrefu sana. Nilishindwa kuvumilia nikamnong'oneza, "Mama, hii ya pili iko ya cheo?"

Alinitazama. Sijui alinitazama kwa muda gani, lakini nilianza kuogopa kuwa nimekosea. Kisha akasema polepole, "Ndiyo. Iko ya cheo. Baba yako sasa iko sajini. Lakini wewe hapana sema, mpaka mutu aulize."

Adhuhuri ya siku hiyo nililazwa pamoja na mdogo wangu, nikalala macho wazi. Ukuta wetu ulikuwa wa udongo na ulipitisha maneno. Niliyoyasikia mimi yalikuwa vipande vipande, na vilivyobaki Mama alinijazia nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto wangu. Baba alitaka kuzika mkoba hapohapo nyuma ya jiko. Mama akakataa.

"Poni hapana jua," Mama alisema. "Poni anapika chakula, anaweka sahani yake, anangoja. Wewe nataka yeye angoje mpaka lini?"

"Njia iko na vizuizi, Mama Zenabu. Wakifungua begi wakipata mbili, watasema mimi mwizi, ama watasema mimi rafiki yake. Mwizi na rafiki, shimo iko moja."

"Basi hapana weka kwa begi. Vaa."

"Mutu moja avae mbili?"

Kisha nikasikia wazi, maana ilikuwa habari yangu: "Zenabu atavaa."

"Hapana!"

"Kila sikukuu wanaona wewe na manyoya yako, wanacheka. Sasa wataona baba na mutoto. Watacheka zaidi. Mutu akicheka hapana hesabu."

"Nimesema hapana. Mutoto wangu, hapana."

Kisha ikatoka sauti moja ya ajabu, kama zumari kabla mfuko haujajaa upepo. Ilikuwa Baba. Sikujua. Nilichoelewa mimi ni kwamba Mama anataka nivae alama ya cheo na Baba anakataa kwa sababu mimi ni msichana. Nililala nimemkasirikia Baba, na nilipoamka nilikataa kumpelekea chai.

Lakini Mama alishinda, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba yetu. Asubuhi ya safari alinivika gauni la waridi, akapitisha mkanda wa mkoba kiunoni na kuuzungusha tena kwa sababu sikuwa na kiuno, akafunga. Manyoya yalinifika kwenye miguu, na kishada kilichoshonwa kikawa kinanigonga gotini nikitembea. Niliomba kioo. Mama alisema kioo kimevunjika, nami nilikuwa nimekiona jana yake ni kizima. Baba alivaa kanzu yake na mkoba wake, akasimama mlangoni akiwa amenipa mgongo. Hakufanya doido lolote. Hata kofia aliivaa vibaya, Mama akamrekebishia.

Tulipanda lori la mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka magunia ya chumvi mpakani Oraba. Tulikaa juu ya magunia, Mama na mdogo wangu mbele, mimi na Baba nyuma. Hewa ilinukia tumbaku iliyokuwa ikikaushwa mashambani, na kila tulipopita watu waliokuwa wamekaa barabarani niliinua mkoba ili wauone. Baba aliushusha. Nikauinua tena. Mwishowe alinishika mkono wangu akaukalia, kwa upole lakini kwa nguvu.

Kizuizi kilikuwa baada ya daraja: mapipa mawili, mti umelazwa juu yake, na askari ambao sikuwa nimewaona sikukuu zilizopita. Wale wa zamani, wacheshi, hawakuwapo. Sijui kama nao walikuwa wamesafiri. Kando ya pipa palikuwa na rundo la viatu vya kiume, vya ngozi, vya raba, kimoja kikiwa na soksi ndani. Nilidhani ni mnada. Nilimwambia Baba kwa sauti, "Baba, nunua viatu!" na mtu mmoja kwenye lori, mama mgeni kwetu, alianza kunong'ona sala za Kikristo.

"Shuka yote!" askari akasema. Tulishuka. Walimwaga mabegi barabarani, nguo zetu za sikukuu, keki za Mama, dawa ya kikohozi ya Haboba. Askari mmoja alifungua hata nepi ya mdogo wangu. Mkubwa wao alikuwa amekaa kwenye kigoda, miwani myeusi, saa ya kike mkononi, na alimtazama Baba kuanzia kofia hadi kwenye manyoya.

"Wewe iko nini? Shehe ama Muskoti?"

"Koplo Marjani, afande. Bendi. Naenda kwa mama yangu Koboko, likizo ya sikukuu." Akatoa karatasi yake ya ruhusa. Yule mtu hakuipokea. Alikuwa amegeuka ananitazama mimi.

"Na hii?"

Baba alifungua mdomo. Nilimwona. Mdomo ulikuwa wazi na hapakutoka kitu, Baba yangu ambaye alikuwa na pumzi ya kuzunguka uwanja mzima bila kupumzika.

"Mutoto," yule mtu akaniambia, "hii iko ya nani?"

Ndipo nikakumbuka. Mpaka mutu aulize. Na mutu ameuliza! Nilisimama kama nilivyofundishwa, visigino pamoja, kidevu juu.

"Ya Baba! Baba iko na mbili sasa. Baba amekuwa sajini!"

Upepo ulipita kwenye manyoya. Yule mkubwa aliinamisha kichwa. "Sajini? Lakini yeye anasema koplo. Na tepe yake iko wapi?"

"Tepe bado kushona," nikamjibu. "Mama hapana uzi."

Kwanza alicheka yeye, kisha wakacheka wote, mpaka yule aliyekuwa ameshika nepi. Walimwita Baba sajini bila uzi. Wakasema mke amejipandishia mume cheo jikoni. Baba naye alicheka, meno yote nje, na nilichukia kwa sababu sikuona wanachocheka. Halafu yule mkubwa akapiga goti lake. "Basi, mutoto wa sajini, piga gwaride. Wewe Koplo, imbia yeye."

Na Baba akaimba. Hakuwa na zumari, aliimba kwa pua, wimbo uleule aliokuwa akiuimba Adriko uani kwetu, na mimi nikatembea kuzunguka mapipa, mikono hadi mabegani, manyoya yakirukaruka mbele yangu, kishada kikinigonga goti, nikapita kando ya lile rundo la viatu, nikageuka, nikarudi. Niliona Mama hanitazami. Alikuwa amepiga magoti anaokota keki mojamoja na kuzipangusa vumbi, na aliendelea kuzipangusa hata zilipokwisha kuwa safi. Nilizunguka tena, kwa ajili yake, nikinyanyua miguu zaidi.

"Pita," yule mtu akasema mwishowe, na akachukua nusu ya keki.

Lori likaenda mbali, kizuizi hakionekani tena. Hapo Baba alinikumbatia kwa nguvu hadi ile pini kubwa, ambayo safari hii ilikuwa imebaniwa kanzuni mwake, ikanichoma shavuni. Nilidhani ananiadhibu kwa kutoa siri ya cheo. Nilimwambia aniwie radhi, aliuliza, nikajibu. Baba hakuniachia mpaka Koboko.

Nyumba ya Poni ilikuwa nyuma ya soko la Koboko, ua wa matete, jiko la mawe nje. Alikuwa amepiga magoti anakoroga ufuta chunguni, mtoto mgongoni. Jirani yake, upande wa pili wa matete, alikuwa mke wa mtu wa usalama, na kila mtu alijua kazi ya masikio yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilitangulia. Nilitaka niwe wa kwanza kuonekana, nikaingia uani kwa gwaride, kushoto kulia, nikasimama mbele ya jiko na kupiga saluti.

Poni alitabasamu. Alitabasamu na kutazama nyuma yangu, akamwona Mama, akamwona Baba, akaendelea kutazama mlango wa ua baada ya Baba kuingia. Kisha macho yake yakarudi kwangu yakashuka. Alinyoosha mkono akashika kishada kilichoshonwa kwa uzi wa fundi viatu. Hakukivuta. Alikishika tu, kama unavyomshika mtoto mkono sokoni.

"Iko wapi yeye?" akauliza, kwa sauti ndogo ambayo hata mimi nilijongea kuisikia.

Baba alichuchumaa karibu yake, akawa kama anaangalia ufuta. "Mahali mimi hapana jua. Walikuja na gari, wakaita jina yake. Alikuwa anasafisha zumari. Walisema hapana haja ya kofia."

Poni alitikisa kichwa polepole kukubali. Alikuwa mke wa mwanajeshi, alijua mwanajeshi hatoki bila kofia kwenda mahali pa kurudi. Ufuta ulianza kuungua. Nilingoja alie au apige yowe, kwa kuwa uso wake ulikuwa umefika hapo, lakini badala yake alikiondoa chungu motoni, akafungua mkanda wangu kwa vidole vilivyokuwa vikitafuta kifungo kama vya kipofu, akautoa mkoba kiunoni mwangu. Akajifunga yeye. Juu ya kitenge chake cha jikoni, chini ya mbeleko ya mtoto, akaubana sawasawa, akarudi kupiga magoti akakoroga.

Kichwa cha jirani kikatokea juu ya matete. "Poni! Hiyo nini tena, mkia ya nani?"

"Mfuko ya pesa," Poni akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Ya sikukuu. Bwana yangu ametuma."

"Mulugbara wako anajua kuchagua!" jirani akacheka, na Poni akacheka naye. Alitupikia tukala. Mimi nilikuwa nimenuna kwa kunyang'anywa cheo changu, nikakataa ufuta, na nikashangaa kwamba hakuna mtu mzima anayenibembeleza. Mama alikaa bega kwa bega na Poni, wakichambua mchele uliokuwa umekwisha kuchambuliwa.

Tangu siku hiyo Poni aliuvaa. Aliuvaa juu ya kitenge, juu ya gauni la gomesi, na siku za mvua juu ya koti kuukuu la mumewe. Alikwenda nao Oraba kuuza samaki wakavu kwa watu waliotoka upande wa Sudan, akiweka chenji zake humo, na madereva wa malori wakamwita Mama Farasi. Hata kanisani aliuvaa. Hakuweza kunyoa nywele wala kuketi matanga, kwa kuwa kumlilia mtu aliyesafiri kulikuwa ni kusema aliko, na kusema aliko kulikuwa kosa. Alilia hivyo, kiunoni, mbele ya watu wote, na watu wote walicheka wakaendelea na safari zao.

Likizo ya Baba ilipokwisha, tukiwa tumerudi Arua, alipanga begi lake nikiwa nimekaa kizingitini. Alitia sweta, soksi, vitambaa vyekundu. Mkoba wake aliutundika kwenye msumari juu ya kitanda, akafunga begi bila huo.

"Umesahau," Mama akamwambia.

"Sikusahau."

"Siku ya gwaride utasema nini? Watakuadhibu."

"Waadhibu. Nitasema umeibiwa." Alinitazama mimi, kisha akautazama ukuta. "Mama Zenabu, mimi nataka iwe hapa. Hapana nataka mutoto ya mutu mwingine avae hii njiani."

Mama alisimama pale na mkono umeushika msumari. Na mimi, kizingitini, nikasikia tena ile nusu ya pili ya maneno ya Baba, na mkono wangu ukashika goti, pale kilipokuwa kikinigonga kishada. Hakuna aliyenieleza. Nilijua tu nilikuwa nimebeba nini siku ile, na ni nani hakurudi, na Baba naye anaondoka. Nilimrukia miguuni nikashikilia kanzu yake nikipiga kelele, wakanibandua, akaenda.

Baada ya hapo alituma salamu kwa mdomo wa watu, kisha salamu zikakoma. Ilipokuja vita na bendi ikasambaratika, wanaume wakapita Arua wakikimbilia mpakani, Mama alisimama barabarani akimwuliza kila mmoja aliyekuwa na mashavu ya mpiga zumari. Hakuna aliyejua, au hakuna aliyesema. Sisi nasi tukafunga virago tukaelekea Koboko, tukafikia kwa Poni. Alitupokea na mkoba wake kiunoni, manyoya yamekuwa ya kijivu. Siku ya pili alimwita Mama pembeni, akamwambia akae eda sasa, avae nyeupe, alie, yeye atalia pamoja naye.

"Nani ameniletea kitu?" Mama akauliza. "Wewe uliletewa. Mimi nani ameniletea?"

Kilichokuwa cha kuletwa kilikuwa ndani ya furushi letu, kisafi, kimefuliwa, kimenyooka. Baba mwenyewe ndiye aliyekiacha nyumbani, kwa huruma, ili asisumbuliwe mtoto wa watu. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, ukimbizini huko ng'ambo ya mpaka na kisha hapa Arua tuliporudi, na wanaume wema walimposa. Aliwajibu kwa heshima kuwa ana mume, amesafiri. Tulipomwosha kwa ajili ya sanda, ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuvaa nyeupe.